Sikio la Kushoto

Nikisikia mtu anasema kwamba enzi za mkoloni hapakuwa na sheria ya walemavu, damu hunichemka. Ilikuwapo. Mimi nilipimwa nayo mwilini. Ukitaka kuingia darasa la kwanza Mbeya mjini, miaka ile ya hamsini, ulisimama mbele ya mwalimu, ukapitisha mkono wa kulia juu ya utosi, ukashika sikio la kushoto. Ukilifikia, umri umetimia, unaandikishwa. Usipolifikia, unarudi kwa mama yako mpaka mwakani. Watoto wengi hatukuwa na cheti cha kuzaliwa, na wazazi wetu walikumbuka miaka kwa njaa na kwa nzige, basi umri ukapimwa kwa mkono. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza itakuwaje kwa mtoto ambaye mkono wenyewe haunyanyuki.

Mtoto huyo ni mimi. Homa ilinishika ningali nabebwa mgongoni, na ilipoondoka iliuacha mkono wangu wa kulia ukining'inia. Haukuuma, ila ulikuwa mwembamba na wa baridi, hasa asubuhi za Mbeya. Mama aliukanda kwa mafuta kila jioni, mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja akaacha bila kusema kitu.

Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa pwani aliyehamia bara, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la Mhindi. Mwisho wa mwaka alishona kaptula na mashati ya shule ya watoto wa nusu ya mji. Shati langu alilishona mkono wa kulia mrefu kuliko wa kushoto, ufunike vidole. Mimi nilishinda miguuni pake, nikinakili kwa mkaa, kwa mkono wa kushoto, herufi zilizoandikwa kwenye maboksi ya uzi. Kabla sijaiona shule niliweza kusoma kila boksi lililokuwa pale barazani, na baba alinitangaza kwa wateja kana kwamba nimeshakuwa karani.

Mwezi wa Januari akanipeleka. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja wa shule ulikuwa tope tupu, na tulipanga mstari mrefu na wazazi wetu pembeni. Zamu yangu ilipofika nikapitisha mkono wa kushoto juu ya kichwa nikalikamata sikio la kulia, nikalikamata kwelikweli, nikalivuta ili mwalimu aone.

"Nimesema wa kulia," mwalimu akasema.

Baba akasogea, kofia mkononi. "Mwalimu, wa kulia haufanyi kazi. Huu umefika. Umri si ni uleule?"

"Mzee, sheria ni mkono wa kulia. Kama hauwezi, basi hawezi."

Nilidhani hajui kwamba najua kuandika. Nilipiga magoti nikaandika jina langu topeni kwa kidole cha kushoto, herufi kubwa, bila kosa. Mwalimu akalitazama mpaka mwisho. Kisha akalifuta kwa kiatu.

"Hapa hatuandiki kwa mkono wa chooni."

Mstari mzima ukacheka. Watoto nimewasamehe. Wale wazazi waliocheka, wamewavalisha watoto wao mashati aliyoshona baba yangu, sijawasamehe mpaka leo na sina nia ya kuwasamehe.

Baba hakuwa mtu wa ugomvi. Alikuwa mtu wa ndiyo bwana, hewala bwana. Lakini siku chache baadaye alinyoosha kanzu yake, akanishika mkono huu mzima, tukaenda boma kumwona Bwana Shauri, ofisa Mzungu wa wilaya. Tulikaa nje asubuhi nzima na watu wenye kesi za ng'ombe na za mipaka. Tulipoitwa, Bwana Shauri alinitazama kwa huruma, na nakwambia, heri angenitazama kwa chuki. Alizungumza Kizungu kwa upole, mkalimani akageuza maneno.

"Bwana anasema shule ni chache. Hata watoto wazima hawapati nafasi wote. Serikali haiwezi kumpa kilema nafasi ya mtu atakayefanya kazi. Mpeleke kwa wamisheni, wao wana sadaka."

Mkalimani, labda kwa wema wake, akaongeza la kwake: "Usisononeke, mzee. Akikua, kilema husamehewa kodi."

"Sikuja kuomba asamehewe kodi," baba akasema. "Nimekuja ili aweze kuilipa."

Mkalimani hakuyageuza maneno hayo. Akasema tu, "Ahsante, mzee," akamwita mtu mwingine.

Nimeyafikiria maneno ya baba maisha yangu yote. Serikali ile ilitujua sisi vilema kwa mambo mawili: kutusamehe na kutuondoa. Kodi tusilipe, na siku ya mgeni mkubwa kutoka Dar es Salaam tusionekane tukikaa sokoni. Kati ya hayo mawili hapakuwa na kitu. Na wenye kuitumikia walikuwa watu wetu, wenye watoto kama mimi majumbani mwao, wamewaficha vyumba vya nyuma.

Januari iliyofuata tulirudi, na nyingine tena. Mwalimu alibadilishwa, sheria haikubadilika. Kila mara baba alinifungulia pindo la kaptula kwa kuwa nilikuwa nimerefuka, na kila mara nilirudi nyumbani nayo ikiwa haijagusa dawati. Mwishowe mama, ambaye hakuwahi kuingilia mambo ya shule, akasema nipelekwe kwa kaka yake Iringa. "Kwa Wahehe watamsikiliza," alisema. "Kwetu mtu akikataliwa huuliza kwa nini."

Mjomba alikuwa mkulima wa mahindi kando ya Kalenga, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, shuka lake la mgolole begani wakati wote. Aliniangalia mkono, akaugeuzageuza kama anayenunua jembe. Nikamweleza sheria. Akaniambia niieleze tena. Asubuhi ya kuandikishwa akatembea mbele yangu haraka mpaka nikawa nakimbia.

Mstari ulikuwa uleule, na tope lilelile. Zamu yetu ikafika.

"Kamwene, mwalimu," mjomba akasalimia.

"Kamwene. Mtoto apitishe mkono wa kulia."

"Ngoja kwanza. Sheria yenu, si inasema mkono uguse sikio?"

"Ndiyo."

"Inasema aunyanyue nani?"

Mwalimu huyu alikuwa kijana, na nadhani alikuwa mwema. Alifikiri, akatabasamu, akasema, "Haisemi. Haya, mzee, unyanyue."

Mjomba akaushika mkono wangu kwenye kiwiko na kwenye kifundo, akaupandisha polepole. Bega likauma, nikakaza meno. Akaulaza juu ya utosi wangu, akauachia, na nikahisi vidole vyangu vya baridi vikigusa upande wa pili wa uso wangu, mahali ambapo havijawahi kufika. Safari hii hakucheka mtu. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe mkono wangu wa kulia ulikuwa umefanya kile ulichoamriwa, na nikajiona nimeshakaa kwenye dawati, niko ndani.

Mwalimu akainama, akatazama kwa makini. Tabasamu likamtoka.

"Umepita," akasema.

"Si ndiyo?" mjomba akajibu. "Umepita."

"Hapana, mzee. Umepita sikio. Vidole viko shavuni. Huyu ni mkubwa mno, umri wa darasa la kwanza umeshampita." Akanitazama mimi, tena kwa masikitiko ya kweli. "Mlikuwa wapi siku zote hizi?"

Mlikuwa wapi! Mjomba alilipuka. Alipiga kelele kwa Kihehe, akataka kumvaa mwalimu, wanaume wakamkamata wakamvuta mpaka barabarani, na bado nilimsikia akiuliza kwa nini, kwa nini, kwa nini. Mwalimu akasubiri kelele zipungue, kisha akamwita mtoto aliyekuwa nyuma yangu. Mtoto hakusogea. Alikuwa ananikodolea macho, kwa kuwa nilikuwa bado nimesimama palepale na mkono juu ya kichwa, na aliyeupandisha hayupo.

Nikaushika kwa mkono wangu wa kushoto, nikaushusha mwenyewe.