Tafadhali Usinisalimie

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema ili usije ukanitegemea kwa hadithi za safari. Nyumba yangu iko ghorofa ya nne, nyuma ya Edgware Road, London, na kuna kipindi cha mwaka mmoja na nusu niliijua kuliko fundi aliyeijenga. Najua ubao gani wa sakafu unalia ukikanyagwa. Najua saa ngapi jua linaingia jikoni. Hukaa dakika ishirini, wala halivui viatu, likaondoka.

Watu walinisifu. "Yule bibi katulia, hana mguu wa kutangatanga." Hawakujua kwamba mguu ninao, ila uligoma.

Uligoma siku moja ya Jumanne. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi jikoni, katika skuli moja ya msingi, na nilikuwa narudi kwa treni ya chini ya ardhi. Ikasimama kati ya vituo viwili, jambo linalotokea kila siku na watu wa mji huu hawainui hata macho. Moyo wangu ukaanza kupiga ovyo. Vidole vikafa ganzi, hewa ikawa haifiki. Nikajua nakufa. Sikudhani, nilijua, kama unavyojua kuwa mvua inanyesha. Na tazama ujinga wa mtu: kilichonitia hofu zaidi ni kufa mbele ya wageni nikiwa nimekumbatia mfuko wa vitunguu.

Treni ikaondoka. Nilishuka kituo cha mbele nikakaa kwenye benchi mpaka miguu iliponirudia. Hospitali wakanipima moyo, wakasema mzima. Nilitamani waniambie mbovu. Moyo mbovu unaeleweka, hata msikitini utaombewa dua. Moyo mzima unaokimbia wenyewe utamweleza nani?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hofu ilipokuja kwangu, siku ya tatu mimi sikuipa jembe, niliipa chumba. Kwanza iliniomba nisipande treni ya chini. Nikaona si neno, mabasi si yapo? Halafu ikaniomba mabasi. Halafu foleni ya dukani, halafu kuvuka barabara. Kila nilichoipa ilikipokea kwa adabu, kesho yake ikaomba kingine. Nikaacha kazi, nikasema magoti yananiuma.

Kutoka hapo nikawa napika sambusa na visheti kwa watu wenye shughuli, wao wanakuja kuchukua. Arusi, maulidi, hitima, sahani zangu zilihudhuria zote. Mwenyewe sikuonekana. Shoga yangu wa miaka mingi alifiwa na mumewe nikampelekea trei mbili. Akanipigia simu baada ya hitima.

"Sambusa nimezila," akasema. "Wewe uko wapi?"

"Magoti, shoga yangu."

"Hayo magoti yako bora uyaoze mume, yamekukalia sana."

Tulicheka. Nilipokata simu nililia, maana yeye ndiye aliyefiwa, na ndiye aliyekuwa ananichekesha.

Kila asubuhi nilivaa buibui, nikavaa viatu, nikasimama mlangoni nikasoma Ayatul Kursiy, mkono uko kwenye kitasa. Nje hakuna kitu. Kuna zulia la korido na baiskeli ya jirani imeegemezwa ukutani. Naitazama kwenye tundu la mlango na moyo unapiga kama nimeona simba. Basi narudi, navua viatu, nakaanga kitu.

Huenda ningezeeka hivyo hivyo, lakini binti yangu akaja na habari.

Ni mmoja tu, kazaliwa hapa hapa. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, na tumegombana na kupatana hivyo kwa miaka thelathini. Hapa nitamwandika kwa Kiswahili, asome ajione alivyo hodari. Anakaa Croydon na mumewe. Alipanda ngazi zote nne, maana lifti yetu ilikuwa mbovu, akakaa jikoni akihema, akaniambia ana mimba ya miezi minne.

"Na arobaini utakuja kwangu," akasema.

Kwetu mwanamke akijifungua, mama yake huhamia kwake siku arobaini. Anamkanda mwili kwa maji ya moto, anampikia uji wa pilipili manga, anamwogesha mtoto huku mzazi akilala. Mimi nilipomzaa huyu, mama yangu alikuwa Unguja, viza hana. Nilijikanda mwenyewe katika bafu la chumba cha kupanga, nikitumbukiza kitambaa kwenye maji na kulia. Niliapa siku ile, na kichanga kinalia kitandani, kwamba huyu hatojikanda peke yake.

Nikamwambia, "Si uje wewe kwangu?"

"Mama, lifti yenu inafanya kazi lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi gani?"

Nikamimina chai. Akanitazama. "Bado magoti?"

"Bado."

"Mara ya mwisho nilipokuja nilikukuta juu ya kiti unabadilisha taa."

Nikamwongezea sambusa. Alipoondoka nikafanya hesabu ya njia: basi mpaka Victoria, treni mpaka Croydon, tramu mpaka kwake. Croydon yenyewe kwangu ni jina la foleni tangu ujana, tangu siku za kwenda kwenye lile jengo la uhamiaji na bahasha ya karatasi kifuani. Nikakaa sakafuni.

Wiki ile nilimpigia daktari wa mtaa nikamweleza. Akalitaja jina la ugonjwa wangu, kumbe una jina, akasema atanipeleka kwa watu wanaotibu kwa mazungumzo. Ikaja barua: watanipigia simu siku fulani, je, nahitaji mkalimani? Nikajaza ndiyo. Kiingereza changu cha dukani kinatosha, na cha kugombana na watu wa ofisi ya nyumba kuhusu lifti kinazidi. Cha kusema naogopa baiskeli ya jirani, sina.

Simu ikalia. Mwanamke mmoja akajitambulisha kwa Kiingereza, ndiye mtaalamu. Halafu mkalimani akaingia.

"Shikamoo, mama."

Damu ikaniganda. Sauti ya Mjini kabisa, ya binti aliyelelewa Unguja na akafundishwa adabu. Nilikuwa nimejitayarishia Mkenya, au Mkongo, mtu wa mbali. Sisi Wazanzibari wa London tunajuana. Huyu anaweza kuwa mtoto wa shoga yangu wa zamani, au mke wa aliyechukua visheti wiki iliyopita. Najua wakalimani wana kiapo cha kutunza siri. Lakini nilivuta mtandio nikajifunika kichwa, kama kwamba ananiona.

"Marahaba."

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za hapo nyumbani?"

"Salama, namshukuru Mungu."

Na hapo ndipo nilipoharibu. Sisi tumelelewa hivi: hata kama nyumba inaungua, ukisalimiwa unajibu salama kwanza, ndipo unaomba maji. Nikishajibu salama kwa sauti ya nyumbani, nitarudije nyuma niseme si salama? Mtaalamu akauliza, binti akatafsiri, nami nikajibu kama niko kwenye mkeka wa arusi na wanawake wenzangu. Katika wiki mbili hizi umekuwa ukiogopa? Aa, kidogo, kama watu wote. Unatoka nje? Natoka. Unalala? Nalala, alhamdulillahi. Nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo nimeuegemeza mlangoni, nguo imenilowa jasho.

Dakika kumi na moja, nikapona.

Barua yao ilikuja baadaye. Wamefurahi kusikia naendelea vizuri, hawaoni haja ya kuendelea nami. Nilifeli mitihani mingi sekondari, lakini huo ndio wa pekee niliofeli kwa kupata mia kwa mia.

Miezi ikakatika. Binti yangu akanitumia picha ya kitanda. Wamenitandikia chumba kidogo, shuka mpya za maua, na pembeni taa ya kusomea ambayo najua aliinunua kwa sababu nalalamika macho. Niliitazama ile picha nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa treni. Nilikiona kitanda kile kitupu, na yeye amejiinamia bafuni na kitambaa chake.

Nikampigia tena daktari, nikamwambia niliwadanganya. Hakunigombeza. Nikapangiwa simu nyingine. Nilitaka kuomba mkalimani mwingine, nikaogopa wataniuliza kwa nini, basi nikanyamaza. Sasa unaona ninavyoishi.

Sauti ni ile ile. "Shikamoo, ma..."

"Mwanangu," nikasema, "tafadhali usinisalimie."

Nikaendelea kabla hajaniuliza kwa nini.

"Ukinisalimia nitakujibu. Na nikikujibu nitakuwa mzima tena, na mimi si mzima."

Nilimsikia akivuta pumzi. Halafu akayatafsiri yote, neno kwa neno, hata lile la "mwanangu". Mtaalamu naye akasema jambo.

"Anasema leo hatutosalimiana," mkalimani akaniambia. "Anauliza, mara ya mwisho ulitoka nje lini?"

Nikamwambia. Ijumaa iliyopita nilitoka na taka, nikafika ngazi ya pili, nikarudi nazo ndani. Nikamwambia habari ya baiskeli. Nilitega sikio anapotafsiri nisikie huruma au kicheko. Sikusikia. Nilisikia mtu anafanya kazi yake. Nikaendelea, nikamwambia ya kitanda, na ya siku arobaini, na hapo sauti yake ikatetemeka mara moja tu, kwenye neno la kumkanda, ambalo Kiingereza chake kilipata shida nalo.

Dawa yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Wiki ya kwanza nilipewa kazi ya kusimama karibu na baiskeli. Mwanamke wa miaka hamsini na tano. Nisimame, hofu ije, nisikimbie mpaka ichoke yenyewe. Nilisimama pale kila asubuhi natweta, mpaka jirani akafungua mlango, akanitazama, akaitazama baiskeli, na kesho yake akainunulia kufuli la pili. Wiki zilizofuata ikawa ngazi, kisha mlango wa chini, kisha kituo cha basi bila kupanda. Siku nyingine nilirudia njiani, mikono imekufa ganzi. Mtaalamu akasema rudia. Nikarudia. Mwezi wa pili nilifika Marble Arch kwa basi nikarudi kwa miguu, maana sikuthubutu kupanda jingine.

Nikampigia binti yangu. "Si magoti."

"Najua si magoti," akasema. "Nimekuwa nikisubiri uniambie ni nini."

Nikamwambia. Hakusema mengi. Akaniuliza kama kitanda kile akiondoe nisione kama ananilazimisha. Nikamwambia ole wake akikigusa.

Mtoto alikuja siku kumi mapema. Mkwe wangu alinipigia asubuhi, sauti imemkauka: kajifungua jana jioni, mtoto wa kike, na leo adhuhuri wanaruhusiwa kurudi nyumbani. Mimi mazoezi yangu yalikuwa bado Marble Arch. Victoria ilikuwa imepangwa wiki ya baadaye.

Nilitia kwenye mfuko pilipili manga, mafuta ya nazi na kanga mbili kuukuu za kukandia. Nikasoma mlangoni, nikaipita baiskeli na makufuli yake. Basi nililipanda nimefumba macho nusu. Victoria nilisimama kwenye nguzo, watu wanapita kama maji, treni mbili zikaondoka nazitazama. Ya tatu nikaingia kwa sababu mama mmoja mwenye gari la mtoto alikuwa nyuma yangu na nilimzibia njia.

Ilipita Clapham Junction. Halafu, katikati ya nyuma za nyumba za watu na nguo zao zilizoanikwa, ikasimama.

Nilimjua mgeni wangu kwa hatua zake. Vidole kwanza. Kisha kifua. Nikatazama mlango, hauna kitasa. Simu ikatetemeka mkononi.

"Mama." Ni binti yangu, amechoka. Halafu, kwa Kiswahili, kile chake cha kuvunjikavunjika, ambacho hakukitumia tangu bibi yake afariki: "Hujambo?"

"Sijambo," nikasema. Lilishatoka. Nikalifuata mbio. "Hapana. Sijambo ya uongo. Naogopa. Treni imesimama nami naogopa sana."

Mwanamme aliyekaa mbele yangu aliinua macho kwenye gazeti, akayarudisha.

"Haya," akasema binti yangu. "Ogopa. Lakini njoo."

Sikukata simu. Upande wake kulikuwa na kisauti cha kichanga, kama cha kipaka. Niliogopa vile nilivyofundishwa, bila kukimbia, nimeukumbatia mfuko wa pilipili manga. Treni ilipoondoka kilikuwa kimebaki kituo kimoja.

Maji ya kwanza niliyachemsha saa tisa alasiri. Nilimkalisha bafuni, nikachovya kanga, nikaikamua, nikamwekea mgongoni.

"Mikono yako inatetemeka," akasema.

"Inatetemeka," nikamwambia. "Inama kidogo, nikufike kiunoni."