Abiria wa Scovia

Mwaka 1996 mjini Migori, mwanamke aliyebebwa nyuma ya baiskeli hakumshangaza mtu. Lakini mwanamume mzima, mwenye ndevu na mabega ya mchimbaji, kukaa nyuma ya mke wake kwenye skuta, hilo liliwafanya watu sokoni waache mizani watazame. Mwanamume huyo alikuwa Wesley Machuki. Mke wake, aliyeshika usukani, alikuwa Scovia, fundi wa kushona sare za shule.

Wesley alikuwa Mkuria wa upande wa Isebania, Scovia Mjaluo wa Suna. Nyumbani walizungumza Kiswahili, kila mmoja akitia chumvi ya kwao. Zamani Wesley ndiye aliyekuwa na pikipiki. Alikuwa mmoja wa watu sita walioanzisha chama cha wapanda pikipiki, ambao kila Agosti walikutana wikendi moja kwenye ufuo wa ziwa kati ya Homa Bay na Sindo, wakapiga mahema, wakala samaki na kusimuliana ya barabarani. Kisha mwaka 1992 shimo la dhahabu kule Masara likaporomoka yeye akiwa ndani. Wenzake walimtoa hai, ila mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Pikipiki ikauzwa. Tangu hapo, ikifika Agosti, Wesley, ambaye sasa alitengeneza redio za watu, alikuwa akifunga kazi, akiingia ndani mapema, na hakuna aliyemsemesha.

Skuta iliingia nyumbani kwa sababu ya mguu wa mti aliowekewa Wesley. Kila miezi michache ulihitaji kurekebishwa kwenye hospitali ya misheni, na safari ilikuwa mateso. Helen, muuguzi aliyezunguka vijijini kwa skuta yake nyeupe akichanja watoto, alimwambia Scovia, "Dada, skuta haina tangi katikati. Unaingia kama unavyoingia mlangoni. Hata na rinda." Scovia akapata ya buluu, kuukuu, iliyokuwa ya watawa, na Helen akamfundisha kwenye uwanja wa shule. Siku ya kwanza alianguka mara nne. Siku ya pili mara moja. Siku ya tatu alifika kwake mtaani Oruba akipiga honi, goti linatoka damu, anacheka.

Julai ile Dahir, mwenyekiti wa chama, mfanyabiashara wa vipuri mwenye asili ya Garissa, alipita kumsalimia rafiki yake.

"Machuki, na mwaka huu pia hutakuja?"

"Nije na nini? Na magongo?"

Scovia alisimamisha cherehani. "Atakuja na mimi."

Dahir alitabasamu kwa upole. "Shemeji, ile barabara ni ya pikipiki. Skuta, magurudumu yake ni kama sahani."

"Lakini sahani ndiyo inayofika mezani, Dahir."

Dahir alicheka mpaka akashika mlango. Wesley hakucheka. Alipoondoka mgeni, alimwambia mkewe polepole, "Mama Caren, watanicheka."

"Wakicheka uwepo, ujibu. Hapa ndani utawajibu vipi?"

Kesho yake Scovia alimkuta ameketi chini, akipaka mafuta kamba za breki. Naye akatoa turubai aliyokuwa amenunua kwa kazi nyingine, akaanza kushona hema.

Ilipofika Agosti waliondoka Jumamosi alfajiri, skuta mbili. Helen alibeba hema, sufuria na unga. Scovia alimbeba Wesley, magongo yamefungwa ubavuni kwa mpira wa tyubu. Walipita Awendo miwa ikiwa bado na umande, wakafika Rongo, wakakata kushoto kuelekea Homa Bay. Hapo ndipo pikipiki kubwa zilipowapita, tisa, moja baada ya nyingine, honi zikilia. Gichana, afisa wa mifugo, alipunguza mwendo akawa sambamba nao.

"Wesley! Leo wewe ndiye mzigo?"

"Mzigo wa thamani hubebwa na mwenyewe!" Wesley akamrudishia. Scovia alihisi mkono wa mumewe kiunoni ukilegea kidogo. Tangu Migori ulikuwa umemkaza kama mshipi.

Homa Bay walikunywa chai ya maziwa na maandazi, kisha wakaiacha lami. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha milimani. Udongo mweusi ulinata, na mara mbili Helen aliteleza hadi kwenye nyasi. Scovia aliendesha kwa gia ya kwanza, pembeni, juu ya majani, kama alivyofundishwa. Walipozunguka kona moja waliona pikipiki zote tisa zimesimama.

Mbele yao palikuwa na kijito. Hapakuwa na daraja, ila sakafu ya saruji ambayo maji hupita juu yake mvua ikinyesha. Siku hiyo maji yalifika katikati ya muundi, si mengi, lakini yalikuwa na rangi ya chai na hayakuonyesha kingo za sakafu ziko wapi. Upande wa chini palikuwa na shimo refu lililochimbwa na mafuriko. Gichana alikuwa amejaribu kwa miguu, akakosa ukingo, akazama mpaka kifuani kabla ya kuvutwa nje. Sasa alikaa kwenye jiwe akimimina maji kutoka kwenye buti.

"Tunangoja yapungue," Dahir alisema. "Au turudi."

Wesley alishuka. Akafungua magongo. Akayatazama maji kwa muda, jinsi yalivyojikunja sehemu moja na kutulia nyingine.

"Miaka kumi nimefanya kazi ndani ya mashimo yenye maji," alisema. "Hii sakafu ina ukingo. Ukingo unatafutwa, hauotwi."

Akaingia.

Wanaume walipiga kelele arudi. Scovia alijua kwamba yeye akimwita, atarudi. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza.

Wesley aliweka gongo moja mbele, akagonga, akasogea. Akagonga tena. Gongo lilipozama ghafla alilirudisha, akalisogeza kulia kiasi cha shubiri, likagonga saruji. Hivyo hivyo, hatua kwa hatua, alifuata ukingo wa upande wa chini mpaka ng'ambo. Kisha akarudi hadi katikati, akapanua magongo, akasimama imara ukingoni kabisa akiwatazama.

"Mimi ndiye kigingi!" alipaza sauti. "Piteni upande wa juu yangu. Aliye chini yangu ni wa samaki!"

Hakuna aliyesogea. Wanaume walitazamana. Scovia alizima injini, akaziba bomba la moshi kwa kitambaa, akakunja rinda, na yeye na Helen wakaisukuma skuta ndani ya maji. Alipompita mumewe, bega likagusa bega.

"Uko sawa?" aliuliza.

"Songa, mama. Kuna foleni."

Helen alirudi kuchukua skuta yake. Baada ya hapo ikaja pikipiki ya Dahir, ikisukumwa na watatu, halafu nyingine, na nyingine. Mpaka ya tisa ilipovuka, Wesley alikuwa amesimama pale karibu saa nzima. Gichana ndiye aliyeingia kumpa bega wakatoka pamoja. Hakusema chochote kuhusu mzigo.

Ng'ambo, Scovia alifungua plagi, akaikausha kwa ncha ya leso, akapiga teke mara tatu. Ya nne ikawaka.

Ufuoni, Dahir alitoa daftari la chama kuandika waliofika. Alipofikia jina la mwasisi mwenzake alisita.

"Wesley Machuki. Chombo?"

"Andika Scovia kwanza," Wesley alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Skuta, buluu, kutoka Migori. Halafu mimi. Abiria."

"Daftari halina sehemu ya abiria."

"Piga mstari. Wewe si mwenyekiti?"

Dahir akapiga mstari. Wakapiga makofi, na Scovia, ambaye kijitoni hakutetemeka, akajikuta ameshika kamba ya hema asijue aifunge wapi.

Alasiri palikuwa na mashindano ya mwendo wa polepole mchangani: anayefika wa mwisho bila kuweka mguu chini ndiye mshindi. Scovia, aliyezoea kupenya katikati ya mafungu ya nyanya siku ya soko, alishika nafasi ya pili. Helen akawa wa kwanza, na mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitazama akasema, "Mon-gi, to!" yaani hawa wanawake, loo, akawaletea samaki wawili wanene aina ya ngege. Waliwala kwa ugali wakiwa wameketi mchangani, na Wesley akaulizwa habari za Masara. Kwa miaka minne hakuwa amezisimulia. Siku ile alizisimulia zote, na hakuna aliyemkatiza.

Jumatatu jirani yao Milka alikuja kupimwa rinda. "Ati ulimbeba mume wako mpaka ziwani?"

"Nilimbeba mpaka mtoni," Scovia alisema, pini zikiwa mdomoni. "Hapo akatuvusha yeye, watu kumi na moja. Inua mkono."

Agosti iliyofuata chama kilimchagua Wesley kuwa mkaguzi wa njia. Alitangulia siku moja kabla ya wengine, yeye na dereva wake, kutazama vijito na kuweka vigingi. Skuta zilizofika ufuoni mwaka huo zilikuwa tano, na daftari lilikuwa jipya, lenye sehemu ya abiria.