142857 na Mukia Yake

Ardoise, kile kibao cheusi cha kuandikia, yenye kufutwa na mate iko na harufu yake: udongo baridi, chaki, na asubui ya mvua. Nikiisikia, narudia mu sixième primaire, darasa ya sita, wakati wa Zaïre, mwaka ule namba moja ilinishika kichwa: 142857.

Niliipata peke yangu, nikigawanya moja kwa saba. Chiffres sita, ni kusema tarakimu, zinatoka, kisha zinarudia bila mwisho. Nikaipiga mara mbili: 285714. Mara tatu: 428571. Ni kama batoto sita bameshikana mikono ku duara: hakuna anayetoka, hakuna anayepita mwenzake, kunabadilika tu nani anaanza. Nilionyesha darasa yote. Maman, mikono mu majani ya sombe, aliniuliza kama ile namba inajua kupika.

Mwalimu yetu, mutu wa maneno kidogo, alikuwa anatafuta batoto batatu ba kushindana calcul, hesabu, na mashule ingine ya Bukavu. Bawili alishabachagua. Nafasi ya tatu ilibakia kati yangu na Furaha, rafiki yangu wa banc moya, tuliikalia pamoja. Niliitaka kupita chakula. Furaha alikuwaka anahesabu pole, anaandika kila retenue, ile namba ya kubeba pembeni. Miye nilikuwaka nakimbia mu calcul vile nakimbia mu tunjia twa mutaa yetu ya Kadutu mvua ikinyesha.

"We dada, siku moya utateleza mpaka ku ziwa," aliniambiaka.

Haraka haina baraka, bazee banasema. Niliona ile methali ni ya batu bazito.

Siku ya kuchagua, mwalimu aliandika ku tableau: 142857 × 5. Nilicheka mu roho. Sikupiga hata chiffre moya. Nilizungusha duara tu, nikaandika 571428. Kisha nikafanya preuve par neuf vile balitufundisha: unajumlisha chiffres, unaondoa tisa-tisa, na kile kinabakia ku jibu kinapaswa kupatana na cha swali. Zéro huku, zéro kule. Nikainua ardoise mbele ya bote.

"Iko hakika?" mwalimu akaniuliza.

"Preuve imepita, Citoyen," nikajibu, vile tulikuwa tunaita mwalimu wakati ule.

Furaha naye akainua yake: 714285. Mwalimu akamuomba preuve. Zéro, zéro. Ardoises mbili, chiffres zilezile, preuve zote mbili zimepita, na moya iko bongo, si ya kweli.

"Tano mara saba?" mwalimu aliniuliza, kidole ku ile saba ya mwisho.

"Trente-cinq," nikajibu: thelathini na tano.

"Basi jibu inapaswa kuisha na ngapi?"

Yangu iliisha na nane. Nikashusha ardoise. Furaha njo alichaguliwa.

Ile mangaribi nililia kidogo, kisha nikapiga yote, bila kuruka: mara moya mpaka mara sita. Mikia, zile chiffres za mwisho, ilikuwa 7, 4, 1, 8, 5, 2. Zote tofauti. Preuve ya tisa haioni nani amesimama wapi, mukia inaona. Nikapiga mara saba, mukia ikawa tisa, chiffre yenye haiko mu duara, na duara ikavunjika: 999999. Kesho yake nilimuonyesha Furaha njiani, mbele aende kushindana. Alisema nimechelewa siku moya.

Leo nimemaliza sekondari, na calculatrice ya kaka yangu inatoa jibu mbele nimalize kupumua. Furaha bado anahesabu pole. Miye bado niko na haraka, sitadanganya. Lakini akifika ku jibu ananikuta palepale, nimefika zamani, naangalia mukia.