Tumbo la Askari

Daktari wa mifugo alikuwa amechoka, tena si kuchoka kwa miguu. Kutwa anawaeleza watu wasiwape wanyama dawa za binadamu. Akirudi kwake, anamkuta mbwa wake mwenyewe, Askari, katapika jikoni matapishi meusi kama machicha ya kahawa. Damu hiyo. Mganga hajigangi, waliosema walisema, ila hawakumtaja mganga anayeishi na mama mkwe.

Maana mwenye vidonge vya maumivu ya magoti ni mkwe, na Askari naye kazeeka, anachechemea. Kimoja chake, kimoja cha Askari, kimefichwa ndani ya kipande cha nyama. Daktari alijua fika. Lakini mkwe hafokewi, basi akawa anamfokea mbwa.

"We Askari! Kila unachopewa unameza tu? Huna akili?"

Alisema kwa sauti ya kufika chumba cha pili, kwa mkwe. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Askari akajibanza chini ya meza, mkia tumboni. Chumba cha pili, kimya. Hapo Daktari alizidi kupandwa na hasira.

Siku alipoona kinyesi nacho kimekuwa cheusi, alimbeba mbio kliniki. Mwenzake alimpima Askari, uso ukabadilika.

"Ana vidonda vya tumbo. Akiendelea hivi tumbo litatoboka, na hapo tumempoteza. Vidonge vimechubua utando wa tumbo, na hofu haiviachi vidonda vipone. Nyumbani anaogopa nini?"

"Haogopi kitu!" Daktari alijibu kwa ukali.

Askari akajikunyata. Mwenzake akamtazama mbwa, kisha akamtazama yeye. Daktari aliona aibu ya kutafuta pa kujificha.

Jioni alikaa ukingoni mwa kitanda cha mkwe, akasema polepole, "Mama, nakuomba, usimpe Askari vidonge vyako. Vinamuua. Siku zote zile nilikuwa nakusema wewe."

Mkwe akashika mdomo. "Mimi? Mwanangu, mimi nilidhani unamchukia mbwa! Namna anavyosemwa, nikasema angalau hayo magoti nimtulizie. Kila ukimfokea, nampa kingine."

Daktari alitamani kupiga kelele mpaka bati liruke. Akaushika ulimi wake. Mlangoni Askari alikuwa amelala, masikio kayalaza nyuma, akingoja kusemwa.