Aliyetoa Siri ya Maiti

Usinikunjie uso kabla hujasoma, siongezi chumvi. Nilikuwa mkubwa wa wanawake waosha maiti huku Mkange. Tulichokiona mwilini hatukisemi, lakini mwezi ule siri ya marehemu mmoja ilitoka nje, na waoshaji wangu wawili wakashutumiana.

Siku moja maiti mwingine yuko kitandani, wanaume wanangoja kuzika kabla ya alasiri, na wale wawili hawataki kushika kazi pamoja.

"Simpi kata ya maji huyu, Bibi. Ana mdomo."

"Mdomo unao wewe, tangu unyago," mwenzake akajibu, mikono kaifumbata kifuani.

Ningewaambia wasameheane, wangenitii. Wakubwa wa kazi tunapenda kuamua ugomvi; ni rahisi kuliko kukumbuka tuliyoyasema wenyewe.

"Aliyesema ni mimi," nikawaambia. "Kisimani, kwa wifi yangu."

Yule wa kwanza akachota maji, akampa mwenzake kata bila kumtazama.

"Anza upande wa kulia," akamwambia.

Mwili wa marehemu huyu sikustahili tena kuuona. Nikavua kaniki ya kazi, nikaiweka kando ya ndoo, nikatoka na kufunga mlango.