Buluu na Kijani Kwenye Dirisha Moja

Jua halijavuka ukuta wa jirani, na fundi tayari amepanda juu ya kiti. Pini tatu kazibana kwa midomo, mikono iko juu, anapitisha kitambaa kwenye bomba la pazia. Kipande cha buluu. Kinafuata cha kijani. Kisha buluu tena.

"Shika kiti vizuri, baba watoto. Nikianguka chai utapika wewe," anasema kwa pembe ya mdomo.

Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, anakishika kiti kwa mkono mmoja. Mkono wa pili una brashi ya kumalizia pembe. Kuta za chumba hiki amezipaka samawati jana mchana, na kichwani bado ana mvi za rangi hiyohiyo.

Kitendawili! Huvisha wenzake wote, mwenyewe hupigwa na jua. Ukishindwa, toa mji, upewe jibu: ni fundi wa mapazia. Mtaani anaitwa Mvisha Nyumba. Amezivisha nyumba za watu kwa zaidi ya miaka ishirini, ilhali madirisha yake yalikuwa yakisitiriwa na mashuka makuukuu. Si wanasema mganga hajigangi?

Leo anajiganga. Chumba hiki cha nyuma ni cha mama mkwe wake, anayerudi asubuhi hii kutoka hospitali, alikotolewa mtoto wa jicho katika jicho la kulia. Bandeji imeshafunguliwa. Rafiki wa familia, mkunga mstaafu aliyekwenda kumchukua, amepiga simu na kusema maneno machache tu: "Anaona. Mengine atawaambia mwenyewe."

Fundi anashuka kitini, anatandika kitanda, na juu yake anakunjua mfarishi wa viraka ambao mama mkwe aliushona kwa mkono wake mwaka jana. Anaulainisha, anautazama, anaulainisha tena.

"Usingeweka mapazia meupe tu, yakaisha?" anauliza mumewe. "Na huo mfarishi ungekaa kabatini kwanza. Mtu anatoka hospitali, wewe unamwandalia kesi."

"Nimechoka kumficha," anajibu fundi. "Namwomba Mungu aone. Na naogopa akiona."

Hofu hiyo ina chanzo chake.

Fundi aliingia katika nyumba hii akiwa bi harusi asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano. Mama mkwe wake, aliyejulikana kwa jina la Bibi Mkasi kwa jinsi alivyokata vitambaa bila kuchora mstari, hakumpa muda wa kuona haya. Alimkalisha mbele ya cherehani kabla hina haijafutika mkononi.

"Wenzangu walikabidhiwa jiko, mimi nikakabidhiwa cherehani," anasema fundi akicheka. "Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tano. Yale ambayo mama humwambia binti yake, mimi nimeambiwa na huyu. Kuna siku nasahau kabisa kwamba ni mkwe. Mume wangu ndiye naona kama mgeni."

"Nasikia," anasema mumewe, akiendelea na brashi yake.

Toka siku hiyo, kwa kazi za wateja nyumba ilikuwa na kanuni moja: anayekata hashoni, na anayeshona hakati. Mkasi ni wa mama, cherehani ni ya mkwe. Ukimuuliza Bibi Mkasi sababu, alikuwa akijibu, "Anayekata na kushona mwenyewe hujisamehe makosa."

Alimfundisha pia rangi. Kitambaa usikinunue chini ya taa ya duka. Kitoe mlangoni, kikunjekunje, ukione kwenye jua na kwenye kivuli chake. Chumba chenye mabati ya moto kipe buluu, mwenye nyumba ahisi ameingia kwenye maji. Chumba kinachotazama ukuta mtupu kipe kijani, macho yapate mahali pa kwenda. Lakini buluu na kijani kwa pamoja? Hapo Bibi Mkasi hakutaka mjadala.

"Hao ni wake wenza," alikuwa akisema. "Waheshimiane, kila mtu na chumba chake. Dirisha moja watagombana."

Basi sikiliza ajabu ya Mungu.

Miaka minne iliyopita, mkunga huyohuyo, wakati huo bado yuko kazini, aliagiza mapazia ya kijani kwa sebule yake. Wiki hiyohiyo mteja mwingine akaagiza ya buluu. Bibi Mkasi alikata majora yote mawili mchana mmoja, akafunga mabunda mawili, akampelekea mkwe wake kama kawaida.

"Nikafungua bunda la mkunga," anasimulia fundi. "Nikakuta kijani na buluu vimelala pamoja kama watoto wa ndugu waliokuja likizo. Nikafungua la pili, vilevile, na kila bunda limekatwa kwa vipimo vya madirisha yake, hata kubadilishana haiwezekani. Nikadhani mama ananifanyia mzaha."

Alitoka na kipande mkononi. Bibi Mkasi alikuwa amekaa mlangoni, anahangaika kupitisha uzi kwenye tundu la sindano na kila mara anapitisha hewani.

"Nikamuuliza, mama, hiki kipande ni rangi gani? Akakishika, akakileta karibu na pua, akaniambia, 'Kijani. Au umeanza kuzeeka kabla yangu?' Kile kipande kilikuwa buluu, buluu ya wino wa shule."

Fundi alirudi ndani, akakaa chini. Kumwambia mama mkwe kwamba amekosea kulikuwa sawa na kumwambia aweke mkasi chini. Na mkasi ndio uliokuwa maisha yake. Majirani tayari walishaanza kusema, bibi apumzike sasa, alee wajukuu.

"Nilijiuliza, huyu mama aliyenipa kazi, mimi ndiye nimnyang'anye yake? Nikanyamaza."

Kwa mteja wa buluu fundi alinunua kitambaa kingine, akakikata mwenyewe kwa siri wakati mama amelala mchana. Bunda la mkunga halikuwa na pa kukimbilia. Jora lile la kijani lilikuwa limekwisha dukani. Akavishona vipande kama vilivyokuja, lakini kwa mpango: kijani, buluu, kijani, buluu, upana sawa, pindo sawa, mtu adhani palikaliwa kikao.

Mkunga anayakumbuka vizuri mapazia hayo yalivyotundikwa.

"Nilisimama katikati ya sebule, mkono kiunoni," anasema. "Nikamwambia, nilikuambia kijani. Akasema, 'Ndiyo, mama.' Nikamuuliza, na hiki je? Akasema, 'Buluu, mama.' Anajibu vizuri kama mwanafunzi, huku ngazi aliyosimamia inatetemeka."

Mkunga alikuwa ametoka zamu ya usiku. Akakaa kwenye kochi ili apate nguvu za kugomba vizuri. Upepo ukaingia, mapazia yakainuka, na mwanga ukapita katikati ya rangi zile mbili ukaangukia sakafuni.

"Nikasema ngoja nigombe baada ya dakika mbili. Nikalala palepale na viatu miguuni. Nilipoamka nikamwambia, ole wako uyashushe."

Maneno ya mkunga hufika mbali, maana kila nyumba aliwahi kupokea mtoto. Watu wakaja kuona. Mmoja akataka mapazia kama yale, mwingine akaongeza mito, wa tatu akataka foronya na kitambaa cha meza. Kabla ya hapo, mwezi mzuri kwa fundi ulikuwa wa nyumba mbili, na mwezi mbaya ulikuwa wa kurudishia pindo. Siku hizi anavisha nyumba tano, sita kwa mwezi, na watoto wake wawili wamemaliza sekondari kwa kazi hiyohiyo.

Bibi Mkasi yeye alibaki akishangaa. Kila asubuhi mkwe wake alimpangia vitambaa mezani, hiki cha kwanza, hiki cha pili, asije akachanganya. Alimwambia kwamba siku hizi wateja wanapenda mchanganyiko, na hilo lilikuwa kweli tupu. Bibi alikata huku analalamika.

"Buluu na kijani!" alikuwa akisema. "Watu wa siku hizi hawana macho!"

Fundi alikuwa akiinamia cherehani yake na kuzungusha gurudumu kwa nguvu, sauti yake ifunike.

Mabaki ya vitambaa Bibi Mkasi aliyaweka kwenye gunia, na mwaka jana akayaunga kuwa mfarishi. Aliwaonyesha wageni kwa fahari. "Huu sasa ndio utulivu," aliwaambia. "Kijani mtupu." Wageni walimtazama fundi, fundi akatazama dari.

Mambo yalibadilika miezi mitatu iliyopita, mkasi ulipopita pembeni ya kitambaa ukamchoma kidole cha shahada. Mkunga alikuja kukifunga kidonda, lakini badala ya kidole akabaki anatazama uso. Akawasha tochi ya simu, akamulika jicho. Akaona weupe kama tone la maziwa. Hospitalini daktari aliwaeleza kwamba ni mtoto wa jicho, katika macho yote mawili, na kwamba ukungu huo hufifisha rangi taratibu kiasi kwamba mwenyewe hajui zilipokwenda. Angetibu jicho moja kwanza, la pili baadaye.

Saa nne na ushei gari linasimama nje. Bibi Mkasi anashuka, miwani myeusi usoni, mkono mmoja juu ya bega la mkunga. Mwanawe anakimbia kumpokea mfuko.

"Umezeeka," anamwambia mwanawe.

"Ni rangi, mama. Nilikuwa napaka ukuta."

"Sisemi kichwa, nasema uso."

Wanacheka wote isipokuwa fundi, ambaye amesimama mlangoni pa chumba cha nyuma akipangusa mikono isiyo na maji.

Bibi anaingia, anaketi kitandani, anavua miwani taratibu. Jicho la kushoto bado lina wingu. La kulia linang'aa, jekundu kidogo pembeni. Anatazama ukuta. Anatazama dirisha, buluu, kijani, buluu, na kichwa chake kinakwenda polepole kama mtu anayesoma. Kisha anatazama alipokalia.

Anaunyanyua mfarishi kwa ncha za vidole.

"Huu ni ule wangu?"

"Ni ule wako, mama," anasema fundi.

"Niliushona kijani mtupu."

Mkunga anasogeza pazia, mwanga uongezeke.

"Hapa pana buluu," anasema Bibi. Kidole chenye kovu jipya kinatembea kutoka kiraka hadi kiraka. "Hapa pia. Na hapa." Ananyanyua uso. "Toka lini, mwanangu?"

"Toka kazi ya mkunga, mama."

"Mimi ndiye niliyechanganya?"

"Ni wewe, mama."

"Na wewe ukanyamaza miaka yote hii."

"Nilinyamaza. Niliona nikisema utaweka mkasi chini." Fundi anapiga goti kando ya kitanda. "Kama nimekukosea, nisamehe."

Bibi Mkasi anaupitisha mkono juu ya mfarishi, anageuka tena dirishani. Mabega yake yanaanza kutikisika. Mwanawe anasogea akidhani analia, na kumbe ni kicheko, kicheko kinachompandia kutoka tumboni mpaka mkunga anamwonya asilitingishe jicho.

"Yaani wale wote niliowasema hawana macho," anasema akihema, "walikuwa wanalipa kosa langu!"

"Na wakiagiza lingine," anasema fundi, machozi na kicheko vimeshachanganyika.

"Basi niambieni, mtindo huu ni wa nani?"

"Wako, mama."

"Semeni kwa sauti, mkunga asikie."

"Nimesikia!" anasema mkunga. "Mimi nilidhani fundi ni msomi wa rangi, kumbe ni mwizi."

Kicheko kinapotulia, Bibi anamvuta mkwe wake amketishe kando yake.

"Ungeniambia siku ile, mkasi ningeuweka chini kweli," anasema, sasa kwa sauti ndogo. "Nisingeushika tena. Najijua nilivyo. Ahsante, mwanangu, umenitunzia mkono wangu. Lakini sasa basi. Nikikata upogo, uniambie upogo. Nisiwe mtu wa kupangiwa vitambaa kama mtoto anavyopangiwa sare."

"Nitakuambia, mama."

"Na wale wake wenza," anaongeza, akilitazama dirisha, "wanapatana. Ila kwenye hili pazia kijani kimezidi upana. Nani amekata?"

"Mimi, mama. Hukuwapo."

"Inaonekana."

Daktari amemkataza kuinama na kubeba kitu kizito kwa wiki kadhaa. Fundi ana mipango: anataka meza ya kukatia ihamie chini ya dirisha, na siku Bibi atakaporuhusiwa kutoka, waende pamoja dukani, wakatoe majora mlangoni, wayatazame juani kama zamani. Anataka mama achague, yeye abebe. Zaidi ya yote anaomba jicho la pili lipone kama la kwanza. Daktari amewapa miadi baada ya miezi mitatu.

"Nikipewa hilo sina la kuongeza," anasema. "Nimepewa mama mara mbili. Wengine hawajapewa hata mara moja."

Bibi Mkasi, aliyedhaniwa amesinzia, anainua kidole.

"Kitendawili."

"Tega," wanaitikia wote, hata mumewe fundi na brashi yake.

"Popoo mbili zavuka mto."

"Macho!" anasema fundi.

"Moja imeshafika ng'ambo," anasema Bibi, akirudisha miwani yake usoni. "Inakaa pale ukingoni, inamsubiri mwenzake."