Mkuza Uliopita Shambani kwa Bi Zaina

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Mlali, nilikabidhiwa panga nikasafishe mkuza, yaani ukanda unaofyekwa kuonyesha hifadhi ya msitu inapoishia na mashamba yanapoanzia. Niliipenda kazi ile. Miaka mingi sikugombana na mtu, kwa sababu mpaka ulikuwa palepale walipoukuta wazee wetu.

Baadaye nikahamishiwa juu milimani, chini ya Ofisa Misitu mmoja mgeni, mpole wa maneno. Mvua zilishaharibika: za vuli haziji, za masika zinamwagika kwa mkupuo na kuporomosha udongo. Watu wakabaki kutegemea mabonde yenye unyevu kando ya vijito. Basi ndipo Ofisa akaletewa agizo la kuyaingiza mabonde hayo hifadhini, eti wakulima wanachafua maji ya mjini.

Akaita mkutano. Wanaume wakakaa mbele, akawauliza kama wanaridhia. Wakaridhia. Nikamvuta pembeni.

"Mkuu, hawa ni waume tu. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo ni wa mama. Hapa wanalima kwa wake zao. Wanaridhia nini?"

"Bwana Kobelo, wenye nyumba wamekubali. Weka vigingi."

Nilikataa. Wakaletwa vibarua kutoka mjini.

Bi Zaina, mjane kwa mume wa kwanza na mke kwa wa pili, hakuwepo mkutanoni. Alikuwa bondeni akifukuza tumbili, ambao ni mali ya hifadhi mpaka wanapokula maharage yako. Kesho yake akakuta kigingi katikati ya magimbi yake.

"Nani kawapa?"

"Mumeo karidhia, mama," kibarua akamjibu.

"Yule kaja kwangu na mkeka wake tu. Leo anagawa shamba la mama yangu?"

Shamba likaenda, na mume akaenda na mkeka wake.

Nimestaafu nikiwa na hasira, na sitaki ipoe. Ninyi vijana mnaosomea misitu, kabla ya kusimika kigingi ulizeni ardhi ni ya nani, na mumuulize yeye mwenyewe.

Bi Zaina sasa anaishi kwa binti yake hapa mjini, Mafiga, jirani yangu. Juzi nilimkuta bombani, nikamwamkia. Alikinga maji kiganjani, yaleyale ya mlimani kwao, akaonja, akatema.

"Wanayatia dawa," akasema. "Halafu mchafuzi nilikuwa mimi."